Alizeti si mafuta ya waya wa resi

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Zamu za usiku zimenibana, na nikirudi nyumbani asubuhi kitu pekee ninachotaka ni kitanda. Ila leo usingizi umegoma, na sababu ni mdogo wangu. Wewe unajijua. Kwa kuwa najua utasoma hapa, kaa vizuri.

Wiki iliyopita nilitoka zamu, nikashuka Metro kituo cha Clarendon saa moja na nusu asubuhi. Kule Singida ilikuwa saa nane na nusu mchana. Nikampigia huku natembea. Baada ya salamu akaniambia, tena anacheka, kwamba juzi yake alikuwa anashuka mteremko na abiria, mama mwenye mtoto mgongoni. Akaachia resi ili apunguze mwendo. Resi haikurudi. Injini ikaendelea kuvuta kana kwamba mkono wake bado umezungusha. Akashika klachi, injini ikapiga kelele ya kutisha, akazima kwa ufunguo, wakaishia kwenye majani pembeni ya barabara.

"Hatukuumia dada. Yule mama alisali tu." Akacheka tena.

Mimi sikucheka. Wale mlionijua Dar mnakumbuka kwamba kabla ya kuja huku nilifanya kazi wodi ya majeruhi. Vijana wa bodaboda walikuwa wanalala mpaka sakafuni, mguu mmoja umefungwa vyuma, simu inaita, mke nje anauliza nani atalipa. Wengi wao walikuwa wanasimulia ajali yao kwa maneno mepesi kama haya: "Ilinishinda tu, sista."

Nikamuuliza kama kulikuwa na dalili. Akasema ndiyo, kama wiki mbili resi ilikuwa nzito, inarudi polepole. Ukafanya nini? "Nilitia mafuta kwenye waya." Mafuta gani? Kimya. Kisha: "Ya alizeti. Ya mama."

Nikamuuliza kwa nini hakununua waya mpya. Jibu alilonipa ndilo limeninyima usingizi, na nitalieleza huko chini. Kwanza niwasimulie nilichokisoma siku yangu ya mapumziko, maana nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: hivi nani aliamua kwamba resi ya pikipiki lazima irudi yenyewe ukiiachia? Nilidhani ndivyo pikipiki zilivyozaliwa. Kumbe sivyo, na sehemu kubwa ya habari yenyewe imepita hapa hapa ninapoishi.

Arlington ni ng'ambo tu ya Washington, mto Potomac katikati. Upande wa pili kuna makumbusho za Smithsonian, na katika mali zake kuna baiskeli ya mvuke iliyotengenezwa na Sylvester Roper wa Roxbury, huko Boston, mnamo 1869 hivi. Msishangae, ni mvuke kweli: jiko la makaa liko chini ya kiti, tangi la maji ndani ya kiti chenyewe. Haikuwa na kanyagio la kuongezea mwendo. Usukani wenyewe ulizungushwa. Ukiuzungusha upande mmoja mvuke unafunguka, upande mwingine breki inashika gurudumu. Kwa hiyo ule mkono unaouzungusha wewe mdogo wangu kila siku stendi una umri wa zaidi ya miaka 150.

Roper alikufa juu ya mashine yake nyingine ya mvuke, tarehe 1 Juni 1896, kwenye uwanja wa mbio za baiskeli wa Charles River, Cambridge, Massachusetts. Alikuwa na miaka 72, anawaonyesha vijana mwendo. Watu wakaiona inayumba, akaanguka. Ilionekana kwamba moyo ulisimama. Kama muuguzi nimebaki na swali moja: mkono ukishalegea, ile mashine ilijua kwamba mwenyewe hayupo tena? Kwenye mashine ya namna ile valvu hukaa pale ilipoachwa.

Mwaka huohuo wa 1896, mtu mmoja aitwaye Ernest Monnington Bowden aliomba hataza ya kitu ambacho nyote mmekishika bila kukijua jina: waya wa chuma unaoteleza ndani ya mrija unaopinda. Kabla ya hapo, kupeleka nguvu ya mkono mbali ulihitaji fimbo za chuma na viungo, kila kona na kiungo chake. Waya wa Bowden ulipinda popote na bado ukavuta. Ukajulikana kwanza kwenye breki za baiskeli. Watu wengi humchanganya na Frank Bowden, yule mwenye kampuni ya Raleigh ya Nottingham. Raleigh tunaijua, babu alikuwa nayo. Ni Bowden wawili tofauti.

Waya huu una tabia moja, na hapo ndipo yalipo mambo yote ya leo. Unajua kuvuta, haujui kusukuma. Mkono wako ukizungusha, waya unavuta na mafuta yanafunguka kwenye kabureta. Ukiachia, waya hauwezi kurudisha chochote. Kinachorudisha ni springi iliyoko kule chini ndani ya kabureta. Springi hiyo ni ndogo, na nguvu yake inatosha kushinda msuguano wa waya safi tu. Ukiongeza msuguano kidogo, springi inashindwa, na pikipiki inaamini kwamba mkono wako bado unataka mwendo.

Mtu aliyeupa sifa mkono wa kuzungusha katika pikipiki za petroli za Marekani ni Glenn Curtiss wa Hammondsport, New York. Tarehe 24 Januari 1907, kwenye mchanga wa Ormond Beach, Florida, aliendesha pikipiki ya injini ya silinda nane kwa mwendo wa maili 136 kwa saa, yaani karibu kilomita 219. Hiyo nayo ni mali ya Smithsonian.

Baadaye Curtiss akaingia kwenye ndege, na hapo natoka kidogo nje ya barabara. Mmoja wa wenzake katika kazi ya ndege, Luteni Thomas Selfridge, alikufa hapa Arlington, kwenye kambi ya Fort Myer, tarehe 17 Septemba 1908. Alikuwa abiria wa Orville Wright. Panga la ndege lilipasuka, likagonga waya ulioshikilia usukani wa nyuma, ndege ikaanguka. Ndiye mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Waya mmoja tu, jamani. Nikipita karibu na kambi ile kwenda kazini namkumbuka.

Turudi kwenye pikipiki. Kwa miaka mingi hapakuwa na utaratibu mmoja. Pikipiki za mwanzo za Uingereza ziliongezwa mwendo kwa kijiti kidogo juu ya usukani, unakisogeza kwa kidole gumba na kinakaa hapo hapo. Pikipiki za Indian za hapa Marekani zilikuwa na resi mkono wa kushoto. Gia nyingine kulia, nyingine kushoto. Na kwenye pikipiki nyingi za Kimarekani za zamani resi ilikaa pale ulipoiacha. Hata zilizokuwa na springi, nyingine ziliwekewa skrubu ya kubana mpini ili usirudi, mkono usichoke safari ndefu.

Nilipofika hapa mwaka 2017 nilikuwa na jirani mzee, askari wa zamani wa vita vya Vietnam, mwenye Harley aliyoinunua ujana wake. Kila mwaka mwishoni mwa Mei, wikiendi ya Memorial Day, wenye pikipiki walikuwa wanajaa kwenye maegesho ya Pentagon, hapa Arlington, kisha wanavuka daraja kuingia Washington kuwakumbuka wenzao waliotekwa na waliopotea vitani. Maandamano hayo yaliitwa Rolling Thunder, yalianza 1988, na ya mwisho ya aina ile yalikuwa 2019. Mara ya kwanza kuyasikia nilidhani ni radi kweli. Yule mzee ndiye aliyenionyesha. Alizungusha mpini, akaondoa mkono, mpini ukabaki ulivyo. "Unaweza kuvuta sigara huku unaenda," akaniambia. Nikamuuliza, na ukianguka je? Akasema, "Ukianguka, yenyewe inaendelea na safari."

Sisi wauguzi tunaelewa haraka. Dripu ya kawaida ina kile kigurudumu cha kubana mrija. Ukikiacha kimefunguka, kinabaki kimefunguka hata ukiitwa kitanda kingine na kusahau. Lakini ile mashine ya mgonjwa kujipa morfini mwenyewe kwa kubonyeza kitufe imefikiriwa kinyume: mgonjwa akisinzia habonyezi, na asipobonyeza dozi nyingine haiji. Usingizi wenyewe unamlinda. Tofauti ya vifaa hivi viwili ni ileile ya Harley ya mzee na pikipiki ya leo. Kimoja kinadhani mtu yuko macho siku zote. Kingine kinajua kwamba kuna wakati mtu atalegea.

Sasa nani alibadilisha? Miaka ya 1960 ajali za barabarani zilikuwa zinaua Wamarekani maelfu kwa maelfu kila mwaka, na lugha ya wenye viwanda ilikuwa moja: kosa ni la dereva. Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, akatoa kitabu kilichosema kosa pia ni la aliyetengeneza gari. Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson akasaini sheria iliyoipa serikali kuu mamlaka ya kuwapangia watengenezaji viwango vya usalama. Kutoka kwenye sheria ile zikaja kanuni zenye namba, zikiandikwa Washington, ng'ambo tu ya mto kutoka hapa nilipokaa.

Kanuni namba 123 ni ya pikipiki. Ilitangazwa mwaka 1972 na ikaanza kubana pikipiki zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Septemba 1974. Ilisema resi iwe mkono wa kulia, na ukiiachia ijifunge yenyewe. Ikadai pia swichi ya kuzima injini karibu na mkono wa kulia, ili mtu asitafute ufunguo wakati wa hatari. Ndugu yake, kanuni namba 124, ni ya magari. Hiyo inasema ukiondoa mguu kwenye kanyagio, injini ya gari dogo irudi kwenye muungurumo wa chini ndani ya sekunde 1 katika hali ya hewa ya kawaida, na pawepo nguvu mbili za kuirudisha, ili springi moja ikikatika nyingine ifanye kazi.

Nimeirudia hiyo sekunde 1 mara nyingi kichwani. Mtu mzima alikaa ofisini akaandika kwamba sekunde 2 kwa gari dogo ni nyingi mno. Na mdogo wangu alitembea wiki mbili na resi inayorudi polepole.

Kwa kuwa Marekani lilikuwa soko kubwa, Wajapani waliotaka kuuza huku ilibidi wafuate. Springi wenyewe walikuwa wameshaizoea. Mwaka 1976 Honda wakatoa CG125, iliyoundwa kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako waliona pikipiki inabeba sana na kutengenezwa kidogo. Mnyororo wakaufunika wote vumbi lisiingie, injini wakaifanya rahisi ivumilie. Viwanda vya China vikainakili sana ile injini, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaza vijiwe vyetu zimetoka kwenye ukoo huo. Neno bodaboda lenyewe lilianzia kwa waendesha baiskeli wa mpaka wa Kenya na Uganda, kule Busia, kuvusha watu toka boda hadi boda. Kwetu Tanzania kanuni za kubeba abiria kwa pikipiki zilitoka 2010, ingawa vijana walishaanza kabla.

Kwa hiyo mdogo wangu, springi iliyomo kwenye kabureta yako haikuangukia hapo. Ina watu nyuma yake. Lakini hakuna kanuni ya Washington inayoweza kuzuia vumbi la Singida lisiingie kwenye waya. Hiyo kazi imebaki kwetu.

Na hapa ndipo alizeti inapoingia. Sisi watu wa Singida tunajivunia alizeti, nami nikirudi likizo mzigo wangu wa kwanza ni dumu la mama. Lakini mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa na joto yanaganda, yanakuwa kama gundi. Angalieni ubavu wa karai la kukaangia ambalo halijasuguliwa vizuri, ule utando wa njano unaonata. Ndio huo ulikuwa ndani ya waya wako, pamoja na vumbi. Siku ya kwanza resi ililainika ukafurahi. Wiki ya pili ikawa nzito kuliko mwanzo.

Haya, fanya hivi, au mpe fundi asome. Nimemuuliza fundi mmoja Mhabeshi wa Columbia Pike, tena nikamuuliza mara mbili.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, zungusha resi mpaka mwisho kisha iachie ghafla. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, ukiwa umekata kushoto kabisa, na ukiwa umekata kulia kabisa. Kila mara lazima irudi kwa kishindo, "tap". Ikirudi vizuri usukani umenyooka lakini ikasita ukikata kona, basi waya umebanwa au umepitishwa vibaya, angalia chini ya tangi.

Pili, ukiona inasita, chomoa waya upande wa kabureta. Zungusha mpini. Kama bado ni mzito, tatizo liko juu, kwenye mpini au kwenye waya. Kama mpini umekuwa mwepesi, tatizo liko kwenye kabureta: uchafu, pistoni yake imekwaruzika, au springi imechoka.

Tatu, mpini. Mara nyingine mpira wake umesogea ndani na unasugua kwenye boksi la swichi. Urudishe nje kidogo. Vua, futa uchafu wote kwa kitambaa, bomba la usukani liwe safi na kavu. Usijaze grisi nzito, inakusanya vumbi.

Nne, waya. Ukiona uzi hata mmoja umekatika karibu na kichwa chake, usiupake chochote. Tupa, nunua mpya. Kama ni mzima, utundike, dondoshea mafuta mepesi ya mashine upande wa juu mpaka yatoke chini yakiwa safi. Wako mdogo wangu umeshanyweshwa alizeti, usihangaike nao. Nunua mpya.

Tano, ukisharudisha kila kitu, acha mpini uwe na uchezaji mdogo, milimita chache, kabla haujaanza kuvuta. Washa injini, kata usukani kushoto na kulia. Kama mlio unapanda wenyewe, waya umekaza mno, legeza.

Na ikikukamata tena njiani, usipigane na mpini. Shika klachi, zima injini, kwa swichi kama ipo au kwa ufunguo kama ulivyofanya, ila ufunguo usiuzungushe mpaka kufunga usukani. Breki taratibu, toka barabarani. Hapo ulifanya vizuri, nakupongeza kwa dhati.

Sasa lile jibu. Nilipomuuliza kwa nini hakununua waya, alisema: "Dada, hesabu."

Mnaojua bodaboda mmeelewa. Kila jioni kijana anapeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki. Siku akilala kwa fundi, hesabu haipungui, inahamia kesho. Waya wa resi haufiki hata hesabu ya siku moja, lakini nusu siku kijiweni pamoja na bei ya waya ndiyo chakula cha nyumbani.

Na tajiri ni nani? Ni mimi. Pikipiki nilinunua mimi. Hesabu anapokea mama kwa niaba yangu, inakwenda kwenye tofali za nyumba yangu. Mwezi wa tatu mdogo wangu alichelewesha siku mbili, nami nikamwandikia ujumbe mkali kutoka huku, kwamba biashara ni biashara, na ndugu asilete undugu kwenye hesabu. Nimeurudia ule ujumbe. Sikuuliza hata alikuwa ana shida gani.

Wenye viwanda wa hapa walisema kosa ni la dereva mpaka sheria ikawakataza. Mimi hakuna sheria iliyonikataza, na nilisema hivyo hivyo.

Basi mama, naomba uandike kwenye daftari, na ndugu wote muwe mashahidi. Kuanzia wiki hii siku ya fundi haina hesabu. Waya, breki, tairi na mnyororo ni juu ya mwenye pikipiki, yaani mimi, na risiti nitumiwe kwa simu. Hesabu ya Jumapili imefutwa, siku hiyo pikipiki ikaguliwe na kijana apumzike. Nyumba itachelewa. Haidhuru, itachelewa.

Jumatatu alinitumia video fupi. Mkono wake ulionekana, ukazungusha, ukaachia. Tap. Nimeisikiliza mara nyingi zaidi ya nilivyosikiliza sauti ya mtu yeyote wiki hii.

Mama, lile dumu la mafuta lifungie kabatini. Na yule mama mwenye mtoto, kama kuna anayemfahamu, mpelekeeni salamu zangu na mniombee radhi. Wengine mnaoendesha, au wenye pikipiki mlizowakabidhi vijana, hebu mjaribu hiyo "tap" leo jioni kisha mniandikie hapa chini imekuwaje.

Nimalizie hapa, zamu inaanza saa moja usiku. Nawapenda wote.